Kipande cha Mkono wa Mideva

Karakana ya Ndete iko katika mtaa wa Mowlem, kwenye safu ya vibanda vya mabati, kati ya Wasike anayechomelea mageti na mama mmoja anayeuza makaa. Asiyeijua kazi yake hudhani anashona nguo, kwa kuwa mashine anayoikalia ina miguu ya cherehani. Miguu ni ya cherehani kweli, lakini mahali pa sindano Ndete alifunga waya wa msumeno, mwembamba kama uzi wa kushonea viatu. Akikanyaga, waya hupanda na kushuka, naye huzungusha ubao taratibu kwa vidole vyote kumi, na picha iliyobandikwa juu yake huachana vipande vipande. Kila kipande hutoka na vichwa vyake na mashimo yake. Kichwa cha hiki huingia katika shimo la kile, na mwenye subira huirudisha picha ilivyokuwa.

"Jirani," Wasike humtania, miwani ya kuchomelea ikiwa kwenye paji la uso, "sisi wengine hulipwa kuunganisha. Wewe unalipwa kuharibu!"

"Nawe ukiunganisha geti likapinda, huo ni nini?"

"Hiyo ni staili, mzee."

Ndete alizaliwa katika jamaa ya wachongaji wa Ukambani, na baba yake alichonga twiga mpaka vidole vikakakamaa. Lakini kukata picha alifundishwa na mzee Muoki, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha vitu vya watoto huko Industrial Area. Muoki alimwonyesha jinsi ya kubandika picha kwenye plaiwudi nyembamba bila kuacha hewa chini ya karatasi, jinsi ya kuilaza chini ya mawe mpaka gundi ikauke, jinsi ya kupitisha msasa ukingoni ili kipande kisimchome mtoto. Akampa na sharti moja. Herufi na wanyama wa shule za chekechea, alisema, pandanisha mbao hata tano, zipigilie vimisumari pembeni, ukate kwa mkupuo mmoja. Picha ya mtu ikate peke yake. Mzee hakutoa sababu na Ndete hakuuliza. Kwa miaka kumi na tisa alilishika sharti hilo, na kila mteja aliyeleta uso wa mtu aliambiwa, "Hii yako nitaikata peke yake, haitafanana na nyingine yoyote." Watu walimwamini.

Desemba iliyopita alilivunja. Zilikuwepo picha mbili zilizopigwa Jumapili ya Matawi, kwenye ngazi ya kanisa moja, na mpiga picha mmoja. Ya kwanza ilikuwa ya Mwelu, binti wa Nzilani, zawadi yake ya kumaliza darasa. Ya pili ilikuwa ya Mideva, binti pekee wa Khavere wa mtaa wa Tena. Wasichana hao waliimba kwaya pamoja, wakavaa magauni meupe ya aina moja, wakasimama mkono mmoja kifuani kama walivyoelekezwa. Mwelu alishika msalaba mdogo uliosukwa kwa kuti. Mideva hakuwa na kitu mkononi. Miezi miwili na nusu baadaye homa ya uti wa mgongo ilimchukua Mideva, naye alikuwa na miaka tisa.

Siku hiyo ya Desemba kazi ilikuwa imemlemea Ndete na mgongo ulimuuma. Akazitazama mbao mbili za ukubwa mmoja. Hakuwaza zaidi ya hapo. Akalaza ubao wa msichana aliye hai juu ya ubao wa msichana aliyekufa, akapiga vimisumari vinne, akakanyaga. Kila vipande viwili vilipotoka pamoja, cha juu alikitia katika mkebe wa kushoto na cha chini katika mkebe wa kulia. Katikati ya kazi mwalimu mmoja alibisha mlangoni kuulizia herufi zake. Ndete alimjibu bila kuinuka, vipande viwili vikiwa kiganjani. Alipogeuka, alivitia mikebeni akivibadilisha, cha juu kulia na cha chini kushoto. Na kwa kuwa viliumbwa na waya mmoja, kila kimoja kiliingia katika picha isiyo yake pasipo kukwama hata kidogo.

Jumamosi moja ya Januari, Khavere alifika karakanani. Ni mwanamke mrefu, mpakiaji katika kiwanda cha biskuti, na tangu mazishi watu wa Tena walikuwa wamezoea kumwona akipita bila kuitikia salamu. Siku hiyo alisalimu yeye kwanza.

"Fundi, nimekuja kukushukuru. Hujui ulichonifanyia."

"Ni kazi tu, Mama Mideva."

"Siyo kazi tu. Tazama hapa." Akamwonyesha picha katika simu yake. "Mkono uko wazi, si ndiyo? Siku ile nilimfinya sikio mbele ya watu, kwa sababu alikuwa amepoteza msalaba wake wa kuti. Nikamwambia ni mtoto asiyetunza kitu cha Mungu. Picha ilipigwa akiwa ametoka kulia. Hatukuzungumza tena habari hiyo mpaka akaniacha." Akaigusa picha kwa kidole. "Katika ubao wako, fundi, ameushika. Nimeipanga mara sita. Ameupata msalaba wake. Amenisamehe."

Ndete alivikumbuka vile vipande viwili vya kiganjani. Alijua papo hapo. Akasema, "Mungu ni mwema." Wako watakaoliita jambo hilo huruma. Alikuwa akijihurumia yeye mwenyewe.

Siku ya nne akaja Nzilani na mfuko wa vipande, akautupa mezani kama mtu anayetupa panya.

"Chukua, fundi! Mtoto wangu hataki kulala chumba kimoja na kitu hiki. Huu mkono ni wa nani?"

Kilikuwa kipande cha ukubwa wa kidole gumba, chenye vichwa viwili na mashimo mawili. Juu yake palikuwa na mkono wa mtoto uliofumbuka, na kwenye kifundo uzi mwekundu.

"Mwelu anasema huo uzi aliuvaa Mideva. Alizikwa nao! Umeleta nini nyumbani kwangu?"

"Ni kosa langu, Mama Mwelu. Nitakukatia nyingine."

"Peke yake?"

"Peke yake," Ndete akasema.

Tangu siku hiyo kipande hicho hakikumpa raha. Alikitia katika mkebe wa misumari, lakini kila alipotafuta msumari vidole vyake vilikikuta juu, mkono ukimtazama. Alikifungia katika droo ya gundi. Akiketi kukata, waya ulichukua njia yake wenyewe: alikusudia kona, kikatoka kipande chenye vichwa viwili na mashimo mawili. Aliharibu ubao wa ramani ya Kenya kwa namna hiyo, kisha ubao wa tembo. Mchana kweupe, mashine ikiwa imetulia, alisikia ule mlio mdogo wa kipande kinapoingia mahali pake, tk, naye hakuwa amegusa kitu.

"Niaje, jirani? Unaongea na nani?" Wasike akauliza akichungulia.

"Na mtu."

"Mtu gani? Nakuona peke yako." Wasike hakucheka. Akarudi kwenye mageti yake, na siku hiyo hakutania tena.

Kisha Ndete akasikia kwamba kina mama wa kanisa walikuwa wakienda kwa Khavere kila Jumapili kuuona ule ubao. Mmoja alikuwa amempeleka mtoto mwenye kifafa aguse msalaba, na dawa zake zimewekwa kando kwa imani. Hapo Ndete akaelewa kwamba ukimya wake umepata miguu na unaingia katika nyumba za watu. Jumapili iliyofuata alivaa koti, akakitoa kipande katika droo, akatembea mpaka Tena.

Khavere alimkaribisha kwa furaha. Ubao ulikuwa juu ya meza, umepangwa wote, na kando yake kitambaa cheupe. Msichana katika picha alishika msalaba kifuani. Ndete hakuketi.

"Mama Mideva, msalaba huo ni wa Mwelu."

"Unasemaje?"

"Nilikuahidi nitaikata peke yake. Nilikudanganya. Nilizikata mbili kwa pamoja, nikavichanganya vipande. Ulipokuja kunishukuru nilijua, nikanyamaza." Akafungua kiganja. "Mkono wa mtoto wako ni huu."

Khavere alikitazama kipande muda mrefu. Aliuona uzi. Nje, mtu alikuwa akipiga zulia ukutani, pigo baada ya pigo.

"Weka," akasema.

"Ukitaka, nitakuachia vyote viwili, wewe mwenyewe—"

"Nimesema weka. Uliuondoa kwa mkono wako, uurudishe kwa mkono wako."

Ndete alikitoa kipande cha Mwelu kwa kucha, akaweka kile kingine, akakibonyeza. Kikaingia kwa mlio uleule.

"Basi hana kitu," Khavere akasema.

"Hana, mama."

"Nilikuwa na mtoto aliyenisamehe. Umenirudishia yule niliyemfinya sikio." Sauti yake haikupanda. "Kina mama watakuja saa kumi. Mimi sitawaambia. Utawaambia wewe."

Akawaambia, akiwa amesimama kando ya meza. Mama wa yule mtoto mgonjwa alilia, kisha akaondoka haraka kwenda kumpa dawa. Mwingine alimwita Ndete mwizi wa ishara za Mungu. Habari zilienea Tena na Mowlem kabla jua halijatua, na wateja wawili wakaja kuchukua picha zao Jumatatu kabla hazijakatwa. Aliwarudishia bila kujitetea.

Khavere hakusema kwamba amemsamehe. Ndete alipokuwa akitoka siku ile, alimwambia kitu kimoja tu: "Jumapili ijayo uje."

Amekwenda kila Jumapili tangu wakati huo. Khavere huvimwaga vipande mezani, nao huvipanga wote wawili, bila maneno mengi, kuanzia ngazi ya kanisa, gauni, kola, macho yenye dalili ya machozi. Kipande cha mkono hukiacha hadi mwisho. Kisha Khavere hukisukuma kwa kidole mpaka upande wa Ndete, na kumngoja akiweke.