Alisema Toa Gia Tu

Gari lile liliingia Katesh likiburutwa na ng'ombe sita, na magurudumu yake ya nyuma yalikuwa hayazunguki.

Yameganda kabisa. Yanachora mistari miwili mavumbini kama mtu anayepelekwa mahali hataki, amekaza visigino.

Nyuma yake, kwa miguu, kofia mkononi, shati limegeuka rangi ya udongo, anakuja Mzungu mwenyewe.

Ni mwaka 1955. Hanang bado iko ndani ya wilaya ya Mbulu. Mimi Chiku binti Selemani, mzaliwa wa Dongobesh, nina miaka ishirini na ni mke wa Yahaya fundi magari. Nina hoteli ya chai mlango wa pili kutoka gereji yake.

Na nina mdomo. Huo tutaufikia.

Kwanza gari. Dogo, jekundu, fupi kama kiatu, viti viwili, paa hakuna. Gari la kukimbia. Injini yake ya kuzaliwa ilikufa, na mwenyewe, tuliyemwita Bwana Ngano kwa sababu ya shamba lake, akaenda kufungiwa injini ya lori. Yaani mtoto mchanga umempa moyo wa ng'ombe.

Sasa lilikuwa limegandia njiani, upande wa Masakta. Mwenye ng'ombe alikuwa mzee Gidahosh, mfugaji wa kule tambarare.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huyu punda wenu mwekundu mvivu sana," akasema. "Amekula kamba zangu mbili."

Bwana Ngano akaingia hotelini, hakukaa.

"Fundi wapi?"

"Ameenda Jorodom, Bwana, kutengeneza mashine ya kusaga. Atarudi alasiri."

"Mimi hapana ngoja. Lori ya Singida ondoka sasa. Wewe ambia fundi: toa gia. Mimi rudi Ijumaa na lori kubwa, peleka hii Arusha."

"Toa gia," nikasema.

"Toa gia tu. Basi."

Akaondoka.

Jamani, hoteli ilijaa siku ile! Hata watu ambao chai yangu huisema mbaya walipata kiu. Benchi zikaisha, wengine wakakaa juu ya debe la maji.

"Kasemaje, kasemaje?" Huyo ni Konsolata, jirani yangu muuza maharage, shoga yangu wa damu.

Nikasimulia. Akaja mwingine, nikasimulia tena. Nawaambia ukweli, sikukusudia. Lakini hadithi ileile mara ya nne inachosha hata anayeisema, na watu wanakuangalia hivi, wanasubiri. Mara ya nne gia ikawa giaboksi, kasha lote la gia. Mara ya saba giaboksi ikawa chini, juu ya gunia, na Bwana Ngano anataka aikute hapo Ijumaa aione kwa macho yake.

Alasiri Yahaya akarudi, unga wa mashine mpaka kwenye kope.

"Amesema nini huyu?"

"Amesema giaboksi yote ishushwe. Aikute juu ya gunia."

"Amesema hivyo?"

"Kwa kinywa chake."

Yahaya akaingia ndani ya gari, akafunua zulia, akagonga sakafu kwa spana mara tatu. Akasema "Hmm."

Sasa niwaambie habari ya sanduku.

Miezi miwili nyuma, Nikolausi wa duka la chumvi alishikwa na homa, akajifungia ndani. Mtu akaniuliza, Nikolausi yuko wapi? Nikasema, "Amelala." Akauliza, "Amelala, au amelala?" Mimi badala ya kusema ana homa, nikashusha pumzi, nikatikisa kichwa.

Basi. Kichwa hicho ndicho kilichomuua Nikolausi.

Jioni ile watu wakaja na majembe. Nikolausi akatoka na blanketi lake, akawakuta wamejaa uwanjani. Akawapa pole, akawaonyesha pa kukaa. Hakujua msiba ni wa kwake.

Mume wangu alipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Yahaya si mtu wa maneno, na siku ile aliyamaliza ya mwaka mzima. Aliporudi alilichukua sanduku langu la nguo, akalifunga kamba ya katani, fundo tatu, akaliweka karibu na mlango.

"Binti Selemani. Neno moja tena likiongezeka kinywani mwako, unakwenda nalo Dongobesh kwa baba yako. Mimi nimechoka."

Hakupiga kelele. Angepiga ningepata nafuu. Alisema nimechoka kama mtu anayetaja saa.

Miezi miwili nilivaa kanga mbili zilizobaki nje. Sikugusa fundo.

Jumatano asubuhi kazi ikaanza. Gari tukalipandisha juu ya magogo. Yahaya akamwaga oili, akafungua propela shafti, ule mti wa chuma unaopeleka nguvu nyuma, akaanza boliti zinazoshika giaboksi kwenye injini. Moja, mbili, tatu, zikatoka.

Ya juu kabisa, hapana.

Injini ya lori ilikuwa kubwa mno, imesukumwa nyuma mpaka inabusu ukuta wa bati. Kati ya bati na boliti pana nafasi ya kupita paka. Mkono wa Yahaya ulifika kwenye kiwiko ukakwama. Tukautoa kwa sabuni.

Akakaa chini. Akaniangalia mikono.

"Leta suruali yangu ya kazi," akasema. "Vaa wewe."

Ndivyo nilivyoingia chini ya gari.

Mnaosema kazi ngumu, lala chali juu ya ardhi ya Katesh, ule upepo wa mlimani unakupitia chini ya mgongo, mchanga unakudondokea jichoni, mkono mmoja umeuchomeka juu usikokuona. Unapapasa. Unaipata boliti, unavalisha spana, unavuta. Imesogea kidogo kama ukucha. Unavua spana, unavalisha upya, unavuta. Ukucha mwingine. Spana inaanguka usoni. Unaanza tena.

Adhuhuri sikujua bega langu liko wapi. Jioni nilikunywa chai kwa mkono wa kushoto.

Lakini mwili si kitu. Kilichonichosha ni kichwa. Chini ya gari hakuna wa kupiga naye stori. Uko wewe na chuma. Na katika ule ukimya nikaanza kumsikia Bwana Ngano. *Toa gia tu. Basi.*

Tu.

Kwa nini alisema "tu"? Giaboksi haishushwi "tu".

Nikageuza kichwa. Kwa chini ya mlango wa gari niliona mlango wa nyumba yetu, uko wazi. Sanduku lile pale na fundo zake tatu.

Nikavuta spana.

Usiku sikulala. Yahaya naye nilimsikia hajalala. Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Alhamisi tena. Siku hiyo nikawa sinema. Mke wa fundi, suruali, miguu nje, chini ya gari la Mzungu! Watu walipita mara tatu tatu kwenda kisimani bila ndoo.

Kama saa sita hivi nikasikia kilio. Si cha mtu mmoja. Wanawake, wanakuja kwa barabara ya Jorodom, wanakaribia.

"Uuuwi! Chiku wangu! Chiku mwenzangu, umeniachia nani!"

Sauti ya Konsolata. Miguu ikasimama karibu na yangu. Minane, kumi.

Nikasema kutoka kule chini, "Konsolata, unamlilia nani?"

Kilio kikakatika.

Kisha yowe, na unga wa rambirambi ukamwagika wote chini. Nikatoa kichwa. Wamejifunga kanga viunoni, macho mekundu, mmoja ameanguka kitako kabisa.

"Wewe si umelaliwa na gari?" akasema Konsolata.

"Nani amesema?"

"Wote! Jorodom nzima! Wanasema Chiku amelaliwa na gari, amekufa palepale."

"Wamepata wapi?"

Akafikiri. Nikaona uso wake unabadilika taratibu.

"Asubuhi," akasema, "nilipopeleka maharage, mimi nilisema tu amelala chini ya gari."

"Basi?"

"Na... nikatikisa kichwa kidogo."

Habari aliitoa mwenyewe asubuhi ikiwa hai, mchana ikamrudia imekufa, naye akailia kwa machozi ya kweli.

Wengine wakaanza kucheka. Mimi nilitaka kucheka, kikatoka kitu kingine. Yahaya alikuwa amesimama na kitambaa cha mafuta, ananitazama. Nikarudi chini haraka.

Alasiri boliti ikatoka. Niliisikia ikidondoka, kitu kidogo kama jino. Siku moja na nusu ya maisha yangu.

Tukaishusha giaboksi, yeye mbele mimi nyuma, nzito kama ndama aliyekufa. Ikalala juu ya gunia. Kama nilivyosema.

Yahaya hakupumzika. Juu yake palikuwa na kifuniko kidogo, skrubu nne. Akazifungua, akachungulia. Gia mbili zilikuwa zimeingia kwa pamoja, moja inavuta huku nyingine kule, ndiyo maana magurudumu yaliganda. Akaingiza bisibisi, akasukuma.

Ta!

Akazungusha kwa kidole. Ikazunguka laini kabisa. Hakuna kilichovunjika.

"Ndiyo hiyo tu?" nikauliza.

"Ndiyo hiyo. Gia imetoka."

Dakika tano. Hata chai haijapoa.

Nikakaa chini mavumbini na suruali yake. Nikaona njia rahisi: naweza kunyamaza, kesho Bwana Ngano atakuja, atasema mwenyewe, nami nitasema Mzungu Kiswahili chake kibovu. Wote watanikubali. Hoteli nzima itanikubali.

Lakini nilikuwa nimechoka, jamani. Ule uchovu unaofika mahali hata uongo unauona mzigo.

"Fundi," nikasema. "Bwana hakusema ishushwe. Alisema toa gia tu. Hayo mengine ni yangu."

Yahaya akafuta bisibisi. Akaifuta upande wa pili.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Tangu jana asubuhi. Ulipokwenda kubadili suruali, mzee Gidahosh alipita. Akaniuliza, Mzungu alisema toa gia, ninyi mnatoa utumbo?"

Nikasimama. Bega lote likaniuma upya.

"Umejua tangu jana? Ukaniacha nalala chini mle siku mbili? Mkono huu hauinuki, Yahaya! Nimeliliwa msiba nikiwa hai!"

"Njoo," akasema.

Akanishika mkono ule mzima, akaniingiza kwenye gari, akafunua zulia. Chini yake palikuwa na bati nene, limechomelewa pande zote. Hapo ndipo alipogonga Jumanne akasema "Hmm".

"Waliofunga injini ya lori waliisukuma nyuma, kifuniko kikaishia chini ya hili bati," akasema. "Bwana Ngano hajui. Kwa juu hakifikiki. Angesema toa gia, ningeishusha. Angesema neno lolote, ningeishusha tu."

Nikaligonga bati lile mwenyewe.

"Kwa hiyo uongo wangu haukudhuru kitu?"

"Gari haukulidhuru."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

Akalirudisha zulia mahali pake.

"Ningekuuliza, ungenijibu kwa kuiogopa ile kamba. Nilitaka nisikie ukisema bila kuulizwa. Leo asubuhi nilikuwa nimekata tamaa. Nilikwisha kumwambia mtu wa punda ajiandae Jumamosi, safari ya Dongobesh."

Nami kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na la kuongeza.

Ijumaa alfajiri ikabidi giaboksi irudi juu. Kushusha ni uzito, kupandisha ni uzito na hasira. Mimi mkono umevimba, yeye mmoja. Tukajaribu mara mbili, ikateleza.

Yahaya akainuka, akatazama boriti ya gereji juu ya gari.

"Lete kamba."

"Kamba gani? Ya kisima imekatika."

Hakunitazama. Alikuwa anapangusa mikono.

"Ile ya kwenye sanduku."

Nilikwenda ndani. Fundo tatu. Niliifungua kwa meno, kwa sababu vidole havikukubali. Nikaipeleka. Akaipitisha kwenye boriti, akaizungusha giaboksi, akavuta, mimi chini naongoza. Ikapanda taratibu. Ikakaa.

Boliti ya juu nikairudisha mimi. Ukucha kwa ukucha.

Bwana Ngano alifika kabla ya swala ya Ijumaa na lori lake. Akaona oili, magogo, kamba.

"Nini hii? Mimi sema toa gia tu! Kazi dakika tano!"

"Ndiyo Bwana," akasema Yahaya kwa adabu. "Nionyeshe kifuniko."

Mzungu akaingia, akafunua zulia, akapapasa. Akagonga kwa kidole. Akagonga tena.

"Aaa," akasema.

Akatoka, akalisukuma gari kwa mkono mmoja. Likatembea lenyewe mpaka kwenye mbao za lori.

Hoteli ilikuwa imejaa hadi nje. Nilipoingia wote wakageuka. Konsolata amenishikia kiti.

"Alisemaje, alisemaje?"

Nikawatazama. Wanasubiri. Yahaya amesimama mlangoni, kofia ya swala mkononi.

"Alisema aaa."

"Aaa, halafu?"

"Aaa tu."

Walinichukia siku nzima.

Kamba ile haikurudi kwenye sanduku. Ililowa oili, nikaifua, nikaanikia nguo uani miaka mingi, na za watoto wetu wote.

Yahaya alitangulia mbele za haki zamani. Alipozeeka alipenda kuisimulia hadithi hii, na mzee yule asiye na maneno akawa anasema ng'ombe kumi na wawili. Wageni wananigeukia. Nanyamaza. Wakishaondoka namwambia, "Walikuwa sita, Fundi." Anacheka mpaka anakohoa.

Mjukuu ananiandikia haya kwenye simu yake, na naona ninyi siku hizi habari mnazisukuma kwa kidole kimoja. Sawa. Lakini ukipewa neno ulipeleke, lipeleke kwa uzito uleule. Na kichwa nacho ni mdomo. Ukipeleka habari, usikitikise.

Nimemwambia asome tena alichoandika. Ameandika ng'ombe wanane. Nimemfutisha.