Kimya Nilichokisifu Salamabila

Mbwa akikaa kimya mbele ya mwalimu wake, amefunzwa au amevunjika? Nimekuwa mganga wa mifugo kwa miaka mingi, na swali hilo bado linanishinda.

Siku ya kwanza kazini, katika ofisi ya mifugo ya Kasongo, nilifika na diploma ya chuo kikuu ndani ya bahasha. Msimamizi wa Mifugo hakuifungua. Alinipa kamba, akaniamuru nimfunge mdomo mbwa aliyeletwa kuchanjwa dhidi ya kichaa: kamba huzungushwa puani, kisha hufungwa nyuma ya masikio, ili mnyama apumue bila kuuma. Niliifunga mara mbili, na mara zote mbili mbwa akaivua kwa kucha zake.

"Vitabu iko mingi, dokta," alisema, "lakini mbwa haijasoma hata kimoja."

Nilihamishiwa Kabambare, kisha Salamabila, ambako walinzi wa maghala walikuwa wamefungua shule ya mbwa. Mkuu wake alikuwa ajida mstaafu wa jeshi, mtu nadhifu mwenye filimbi shingoni. Mbwa wake walikaa mstari mmoja. Hakuna aliyenyanyua sikio. Kimya kile nilikiita adabu. Niliandika ripoti ya sifa, na niliporudishwa Kasongo nikawashauri watu wampelekee Ajida mbwa wao wakali.

Mama Zaina, jirani yangu, alinisikiliza. Mbwa wake alirudi akikaa alipoambiwa, akilala alipoambiwa. Lakini kila Mama Zaina aliponyanyua mkono kuanika kitenge, mbwa alijikojolea. Alinifuata ofisini.

"Dokta, umenirudishia mulinzi. Sasa mbwa yangu iko wapi?"

Nilimpa dawa ya minyoo.

Mwaka jana niliacha kazi kabla ya umri wa kustaafu, kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Nilidhani ningetulia, badala yake naizunguka nyumba yangu kama mtu aliyesahau kitu. Kisha wiki chache zilizopita mbwa wangu, Watasema, alimuuma mtu aliyeshuka kwenye pikipiki mlangoni pangu. Kidonda kimepona, na mbwa amechanjwa, lakini Shefu wa mtaa alikuja.

"Kabla ya siku ya Mungu, Jumapili hii, mbwa iende shule. Kama hapana, tutaiua."

"Shule gani, Shefu?"

"Dokta ni wewe. Wengine si uliwachagulia?"

Mama Zaina ndiye aliyenitajia mwindaji mmoja wa Lusangi, naye hakutabasamu aliponitajia. Nilikwenda juzi. Mbwa wa kwetu hawabweki wakiwa mawindoni, hivyo wawindaji huwavika shingoni kengele ya mti ili wajue walipo. Uani kwa mzee huyo kengele hazikunyamaza: mbwa waliviringishana, waliibiana maganda ya muhogo, mmoja alilala juu ya mguu wa mzee. Vurugu ile ilinikera.

"Watasema atahitaji muda gani, Mzee?"

"Sijue. Na haitakuja peke yake. Utabaki hapa pamoja nayo."

"Mimi nimesomea wanyama."

"Ndiyo maana itachukua muda murefu."

Nilirudi nimeudhika. Ajida, kwa simu, aliniahidi mwezi mmoja tu, na karatasi yenye muhuri. Shefu anapenda muhuri. Mwindaji hana hata kalamu. Jana asubuhi nikapatana na mwenye pikipiki safari ya Salamabila.

Siku nzima sikukaa. Nilimfungashia Watasema bakuli na kamba yake, nikafungua, nikafunga tena, naye akinifuata mlango kwa mlango. Jua lilipokuwa linatua nilinyanyua mkono kwa nguvu kufunga dirisha lililokwama. Hakushtuka. Alitikisa mkia, akaniletea ndala yangu moja, akidhani mchezo umeanza. Nilibaki nimeinua mkono. Nilikumbuka mstari ule wa Salamabila, na kwamba katika ukaguzi wangu wote sikuwahi kutazama mikia.

Leo asubuhi mwenye pikipiki alifika.

"Salamabila, dokta?"

"Lusangi."

"Sawa. Lete mbwa, wewe rudi ulale. Nitaifikisha."

Nilimpakiza Watasema, nikapanda nyuma yake. Kijana wa pikipiki akautazama mfuko wangu wa nguo.

"Na hii ya nani?"

"Yangu," nilimwambia. "Tumeandikishwa wawili."