Macho ya Mke Wangu

Leo nimemwona marehemu mke wangu akiwa na macho ya mtu mwingine.

Picha yake niliyo nayo ni moja tu. Ilipigwa kijijini, enzi za Ujamaa, kwenye shamba la pamoja. Jua lilikuwa usoni, akafumba macho. Mpiga picha alikataa kurudia. Filamu ilikuwa adimu, na wanakijiji wengine walikuwa wakisubiri zamu yao.

Asubuhi niliipeleka studio, hapa Mbagala, iondolewe madoa ya ukungu. Hayo tu.

Dada wa studio akaiingiza kwenye kompyuta.

"Babu, tazama. Madoa yametoka, na bibi nimemfungua macho."

"Umeyatoa wapi?"

"Kompyuta inayatengeneza yenyewe."

Mteja aliyekuwa nyuma yangu akacheka. "Mzee, shukuru. Sasa bibi anakuona."

Nilimwomba dada ayafumbe. Akayafumba, wala hakubisha. Lakini ile yenye macho alikuwa ameshaituma kwa binti yangu aliyeko Mwanza, ambaye ndiye aliyenihimiza niisafishe, na namba yake nilikuwa nimemwachia dada ampelekee.

(Binti huyo alikuwa hajaanza kutembea mama yake alipofariki.)

Nimefika nyumbani, nikakuta ujumbe wake.

"Baba, kumbe macho yangu ni ya Mama. Nimelia."

Si ya mama yake. Ya mama yake yalikuwa madogo, na moja lilielekea pembeni kidogo alipochoka. Siku hizi anayeyajua ni mimi peke yangu.

Sijamjibu. Ninyi mngemjibu nini?