Majibu ya Gaudiose

Telesfori aliingia Katumba, makazi ya wakimbizi magharibi mwa Tanzania, mwaka 1973, kijana aliyekatiziwa masomo ya sekondari na mauaji ya Burundi. Wenzake kwenye msafara walikuwa wameokoa sufuria na mablanketi. Yeye aliokoa kitabu cha Kifaransa, kwa sababu siku ile ya kukimbia ndicho kilichokuwa kwapani. Kilikuwa mkusanyo wa insha za wasomi mbalimbali juu ya mila, historia na fikra za watu. Kila mmoja alikuwa na lake, na wengine walipingana wazi, huyu akijenga na yule akibomoa kurasa chache mbele.

Wakati ule Katumba ilikuwa pori. Walikata miti, wakajenga, wakalima mahindi, baadaye tumbaku. Telesfori alimwoa Gaudiose, binti wa mlima wa jirani na kwao, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Kitabu kilipandishwa darini pamoja na mbegu, na huko kikakaa karibu miaka ishirini.

Kilichokishusha ni ukimya. Binti yao Devota aliolewa Kasekese, na nyumba ikabaki na watu wawili waliokwisha kuambiana kila kitu. Mchana mmoja walikuwa kwenye kivuli cha bani, banda la kukaushia tumbaku, wakifunga majani kwenye vijiti ili yapandishwe, Gaudiose akauliza, "Baba Devota, kile kitabu chako kinasema nini hasa? Au mchwa wamekimaliza?"

"Kinasema mengi."

"Basi kisome. Mimi nitafunga zangu na zako."

Ndivyo ilivyoanza. Alisoma sentensi kwa Kifaransa, kisha akaigeuza kwa Kirundi, na Kirundi kilipomkatalia akachanganya Kiswahili. Insha ya kwanza ilidai kwamba watu wasioandika hawana historia, wana hadithi tu. Gaudiose akacheka mpaka kijiti kikamwanguka.

"Huyo alikuwa anaishi na nani?"

"Ulaya huko. Sijui."

"Angemuuliza mama yangu majina ya ng'ombe wa babu, na kila mmoja alipatikanaje, angetoka na ukoo mzima."

"Majina ya ng'ombe si historia, Mama Devota."

"Kwa nini si historia? Eti kwa sababu ng'ombe hajui kusoma?"

Wakabishana mpaka maharage yakaungua. Kuanzia siku hiyo kila kazi ya mikono ilikuwa na insha yake: kupukuchua mahindi, kumenya mihogo, kuchambua mbegu. Si kwamba Gaudiose alipatia kila mara. Kuna siku alimshambulia mwandishi kwa jambo ambalo hakulisema, na Telesfori akarudia aya nzima polepole mpaka Gaudiose akakubali, "Haya, huyu nimemwonea. Endelea." Lakini kumsikia akikiri kwamba ameshindwa hoja yenyewe, hapana. Telesfori alikuwa akilalamika kwamba ameoa ukuta.

Mwaka tisini na tatu, redio ilipoanza tena kutaja vifo vya kwao, walifika kwenye insha iliyosema kwamba nyumbani kwa mtu ni pale yalipo makaburi ya wazazi wake. Telesfori aliisoma kwa sauti nzito. Ilikuwa kama imeandikwa kwa ajili yake. Akamaliza, akasema naye akifa angetaka kurudishwa mlimani kwao.

Gaudiose aliweka chini muhogo aliokuwa akimenya.

"Na wale wawili wetu?" aliuliza.

Walikuwa wamezika watoto wawili pale Katumba, katika miaka ya mwanzo, kabla ya Devota.

"Huyo bwana kataja makaburi ya wazazi," Gaudiose akasema. "Ya watoto hakuyataja."

Telesfori alikifunga kitabu, na msimu ule hawakukifungua tena mpaka mvua zilipokatika.

Mwaka 1996 Gaudiose aliugua malaria iliyopanda kichwani. Gari la kumpeleka hospitali ya Mpanda lilipopatikana hakuwa na haja nalo tena. Walimzika kando ya wale watoto wawili. Kwenye kitabu ilikuwa imebaki insha moja.

Devota alikuja, akafua, akapika, akamsihi baba yake ahamie Kasekese. Alikataa. Alimwambia tumbaku iko shambani, na ilikuwa kweli, ingawa haikuwa sababu. Devota alipoondoka, Telesfori alijaribu kusoma peke yake. Alichukua insha za zamani, zile alizozijua. Alisoma sentensi, akaigeuza kwa Kirundi, kisha akainua kichwa na kungoja. Mbele yake kulikuwa na bani na vijiti vilivyoegemezwa ukutani. Alikuwa kama mtu aliyefika barazani na kesi yake, mwenzake asitokee. Wanaume wa rika lake walipenda kuzungumzia bei ya tumbaku na habari za kurudi. Vijana walizungumza Kiswahili na kusikiliza muziki. Baada ya mavuno alikuwa akipitisha siku nzima bila kutamka neno zaidi ya salamu.

Jirani yake Vestina, mjane naye, alikuwa akimpelekea mihogo mara kwa mara. Siku moja Telesfori alikwenda kuchota maji mwenyewe, akamkuta Vestina pale kwenye pampu akimpoza dada mmoja aliyegombana na wenyeji wa kijiji cha pili.

"Gaudiose alikuwa anasema," Vestina alisema, "mgeni ni kioo cha mwenye nyumba. Wakikuchukia, wamejiona wenyewe."

Telesfori alitua ndoo. Aliijua sentensi ile. Alijua hata iko upande gani wa ukurasa.

"Hakusema hivyo," alisema. "Hilo ni la kitabu. Yeye alilikataa. Alisema kioo hakishiki jembe, na sisi tunalima."

Wanawake wote wakamgeukia.

"Mwalimu," Vestina akasema kwa upole, maana hivyo ndivyo walivyomwita, "alilisema hapa hapa. Mimi ndiye niliyembishia hivyo, kwamba kioo hakishiki jembe. Akaninyang'anya jibu langu akaenda nalo nyumbani."

"Alikitetea kitabu?"

"Alikuwa akikitetea siku zote! Tulikuwa tunamwambia, huyo mwandishi muongo, na yeye anasema hapana, nyie hamjamwelewa, Baba Devota amenieleza na amenishinda."

"Amenishinda? Alitumia neno hilo?"

"Mara nyingi."

Telesfori aliinamia pampu. Akajaza ndoo, akaondoka, maji yakimwagika njiani.

Baada ya siku kadhaa Vestina alikuja na mihogo, akakaa kwenye gogo bila kuambiwa.

"Alituambia imebaki moja," alisema. "Nisomee basi."

Ilikuwa insha juu ya salamu. Mwandishi alidai kwamba salamu ni mabaki ya hofu: zamani watu wawili wakikutana njiani kila mmoja alimwogopa mwenzake, wakawa wanaonyeshana mikono mitupu. Telesfori alisoma na kugeuza, akasoma na kugeuza. Alipofika katikati aliinua kichwa.

Vestina alifikiri sana. Ilionekana anajitahidi.

"Mimi nilidhani ni kusalimiana tu," alisema mwishowe. "Yeye angesemaje?"

"Sijui."

"Wewe hujui?"

"Sijui, Vestina. Nimejaribu."

Matone yakaanza kugonga bati. Vestina aliinuka haraka, maana mihogo yake ilikuwa imeanikwa nje, akaaga huku akikimbia. Telesfori alisogeza kiti ndani ya mlango wa bani. Kurasa zilizobaki hazikuwa nyingi. Alizisoma kwa sauti mpaka mwisho, kwa Kifaransa kitupu, bila kugeuza hata sentensi moja.