Mtori Usioonjwa

Kwetu Machame anayekupa mbege, pombe yetu ya ndizi, huonja kwanza mbele yako, ujue haina sumu. Mama aliifuata desturi hiyo hata kwenye mtori, supu ya ndizi, hata kwa watoto aliowazaa mwenyewe.

Nililazwa Moshi miaka ya tisini, wakati maduka ya dawa yalipokuwa yakichipuka kama uyoga. Homa ilikuja na kuondoka, na moyo wangu, mbovu tangu utotoni, ulikuwa umeanza kutoa sauti mpya. Daktari alishuku wadudu wamejijenga kwenye vali, vile vilango vya moyo. Ili ajue ni wadudu gani, damu ilibidi ioteshwe maabara, wadudu wakue waonekane, kabla sijameza dawa yoyote.

"Tukibahatisha, vali italiwa huku tunaangalia," alisema. Sikupenda alivyosema, lakini nilimwelewa.

Mama hakuelewa. Mtoto anaungua homa, na hospitali nzima inamtazama! Kila mchana alikuja na mtori kwenye chupa ya chai, akinung'unika kwamba madaktari wa siku hizi wanajua kunyonya damu tu.

Homa ikashuka. Damu haikuota kitu. Wakachukua nyingine, nayo kimya. Daktari akaanza kusema huenda si moyo, labda niruhusiwe. Nilifurahi, mjinga mimi.

Mchana huo mama alinimiminia mtori, akanipa bakuli moja kwa moja. Nikakumbuka kwamba hata jana yake hakuonja.

"Mama, onja kwanza."

"Mimi nimeshiba."

"Onja tu kidogo."

Akatazama dirishani. "Ni zile dawa za rangi mbili za dukani, mwanangu. Nafungua kidonge, namwaga unga humo. Hawa hawakupi kitu. Ningekaa tu nikuangalie ukifa?"

Nilikasirika. Nikamwita daktari. Hakufoka. Alimweleza mama polepole kwamba dawa ile kidogo iliwaficha wadudu bila kuwamaliza.

Tukasubiri homa irudi, nayo ikarudi. Mama alikaa kando ya kitanda, mikono mapajani, akinitazama nikitetemeka, asinipe kitu. Nadhani aliumia kuliko mimi. Safari hii damu iliota, na dawa yangu ikajulikana.

Siku sindano zilipoanza, alileta mtori. Akanywa funda moja, akameza. Akanywa la pili, akafungua mdomo nione. Ndipo akanipa bakuli.