Kamera Niliyoiuza Ilinitangulia Harusini

Jumamosi moja niliingia kanisani, nikaikuta kamera yangu ya zamani mbele ya altare.

Imening'inia shingoni kwa mtu nisiyemjua.

Na mle ndani ni mimi peke yangu niliyejua kwamba ile kamera haitamaliza misa.

Nilicheka. Sikufichi, nilicheka kimoyomoyo kama mchawi.

Ngoja nianzie mwanzo.

Naitwa Athanas. Mtu wa Masasi, ila Kariakoo nina mwaka wa kumi na moja, napiga picha. Harusi, sendofu, kipaimara, ukiniita nakuja.

Miaka tisa nilibeba kamera moja. Kubwa, nyeusi, nzito kama tofali, lenzi ndefu utadhani naenda kuvizia simba. Ilinipa jina mjini. Ikanipa na shingo isiyogeuka.

Daktari alinibinyabinya bega mpaka nikapiga yowe.

"Unabeba nini kazini?"

"Kamera."

"Basi chagua. Kamera au shingo."

Nikanunua ndogo. Inakaa kwenye mfuko wa koti, ukibonyeza haitoi hata sauti. Na picha zake, naapa, ile kubwa haioni ndani.

Lile likubwa nikalipeleka Mtaa wa Aggrey kwa dalali mmoja anaitwa Rogath.

"Ina shida?" akaniuliza.

"Rogath, si unanijua? Mashine hiyo."

Ilikuwa na shida.

Shata yake, kile kipazia cha ndani kinachofunguka kila ukibonyeza, ilishaanza kukwama. Ikipata moto, picha inatoka nusu nyeusi. Ukiendelea, haitoki kabisa. Fundi alishaniambia hakuna matibabu pale.

Nikachukua changu, nikaondoka napiga mluzi. Atakayenunua bila kukagua ajilaumu mwenyewe, ndivyo nilivyosema.

Miezi miwili baadaye nikaitwa na kamati ya harusi ya Vicky.

Vicky anauza mapazia jirani na studio yangu, tunaheshimiana. Tatizo mwenyekiti wa kamati alikuwa baba yake mdogo, Mzee Aristides. Huyu anauza ndoo na mabeseni kwa jumla, na anaongea na watu kama anaongea na ndoo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kamera iko wapi?"

Nikaitoa mfukoni. Akaipokea kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya aliyekufa.

"Hii?"

"Ndiyo hii, mzee. Ya kisasa."

"Kijana, mimi nina wageni kutoka Rombo, kutoka Arusha, mpaka Nairobi. Waje waone mtoto wa kaka yangu anapigwa picha na kiberiti?"

Kamati nzima ikaangua kicheko. Kuna mama mmoja alicheka mpaka soda ikampalia.

"Nina picha zake hapa, mzee, angalia kwanza..."

"Picha za nini? Watu wanaona kamera. Picha baadaye."

Nikamwangalia yule mzee na suti yake ya kung'aa, nikasema moyoni, hivi na akili hii huyu ndoo anazihesabuje?

Kazi akapewa mwingine.

Vicky akaja studio na kadi, uso chini kwa aibu. "Kaka Athanas, baba mdogo hashauriki. Njoo basi kama mgeni."

Nikaenda. Si kwa upendo. Nilienda kumwona huyo aliyenishinda kwa kilo.

Ndiyo nikaikuta kamera yangu. Hata kupotea haipotei, raba ya pembeni niliigandisha mwenyewe kwa gundi ya viatu.

Aliyeivaa alikuwa kijana mrefu, kizibao chenye mifuko kumi na mbili, yote mitupu. Anapiga goti, anainuka, anarudi kinyumenyume anakanyaga watu miguu. Mbwembwe tupu. Mzee Aristides kwenye benchi la mbele anatikisa kichwa kwa raha. Nikakaa nyuma, nikakunja nne. Sinema ya bure.

Vicky aliingia na baba yake mzazi, Mzee Aaron. Yule mzee alikuwa mgonjwa, alitolewa Rombo kwa ajili ya siku ile tu. Alitembea hatua moja, anapumzika, hatua moja, anapumzika. Kanisa zima linamsubiri.

Alipofika mbele akamshika binti yake shavu, akautia mkono wake kwenye mkono wa bwana harusi. Akashindwa kuuachia. Wakasimama vile, watatu, mikono imeshikana.

Mpiga picha alibonyeza. Akaangalia kioo cha kamera. Akabonyeza tena. Nikaona mabega yake yanashuka.

Nami nilikuwa nafanya nini?

Nilikuwa nacheka. Kamera nzima ninayo mfukoni, inanigusa ubavu, nami nacheka.

Yule kijana alitoa betri, akarudisha. Akapuliza lenzi. Jasho likamtiririka mpaka kwenye kola. Akamwangalia Mzee Aristides kwa jicho la kuiba, kisha akainua kamera iliyokufa na kuendelea kubonyeza, taa inawaka, watu wanatabasamu.

Padri akawaita maharusi waape.

Hapo ndipo kicheko kilipokatika. Vicky alikuwa anatabasamu kwenye kamera ambayo haimwoni. Anaigeukia, anarekebisha shela, anatabasamu tena. Hana habari.

Nikaingiza mkono mfukoni.

Nikapiga kiapo. Nikapiga pete. Nikapiga mama mzazi akijifuta machozi kwa kitenge. Nilisogea pembeni ya nguzo, kamera kifuani, wala hakuna aliyegeuka. Hata padri hakujua.

Misa ilipoisha nikamkuta yule kijana nyuma ya kanisa, amekaa kwenye ngazi, kichwa kati ya magoti.

"Mambo?"

Akazidi kukiinamisha.

Nikamwekea memori kadi mkononi. "Chukua. Kuanzia kiapo mpaka mwisho, zote zipo humo. Sema ni zako."

Akainua uso. Macho mekundu. "Kaka Athanas?"

Nikashtuka. "Unanijua?"

"Nani asiyekujua? Mimi naitwa Bushiri. Nilikuwa mbebaji pale bandarini, nikajifunza kwa kuangalia picha zako mtandaoni. Hii kamera si ilikuwa yako?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Rogath alikuwa na kamera tatu," Bushiri akaendelea. "Nilienda na fundi wa kuzikagua. Rogath aliposema hii ni ya Athanas, nikamwambia fundi aende zake. Nikasema ingekuwa na shida, Athanas angesema."

Hakuwa ananisuta. Huo ndio ubaya wake. Alikuwa ananieleza tu.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua.

"Nilijua," nikasema. "Bushiri, nilijua ni mbovu. Niliificha."

Akaniangalia. Nilitegemea tusi, nilitegemea hata ngumi. Aliniangalia tu, taratibu, kuanzia viatu mpaka usoni, kama mtu anayeangalia bidhaa aliyoitamani siku nyingi, leo kaishika mkononi na kuona ni feki.

"Sawa," akasema. Ile "kaka" haikurudi tena.

Mara sauti ya Mzee Aristides: "Mpiga picha! Tunaenda Kivukoni, maharusi wanataka picha za baharini!" Akaniona. "Na wewe na kiberiti chako bado upo?"

Nikaitoa mfukoni kamera yangu ndogo, nikampa Bushiri. Akaipokea bila asante.

Kivukoni alipiga vizuri kuliko nilivyotarajia. Kubwa imening'inia kifuani kwa ajili ya mzee, ndogo ndiyo inayofanya kazi. Mpaka leo Mzee Aristides anawaonyesha wateja ile albamu: "Mnaona? Hiyo ndiyo kazi ya kamera kubwa." Sijawahi kumsahihisha. Kichwa kile kingeshindwa kupokea.

Bushiri nilimrudishia pesa yake yote ya kamera wiki ileile. Aliipokea, akaondoka. Tukikutana Kariakoo, anavuka barabara.

Miezi miwili baada ya harusi, Vicky alikuja studio amevaa nyeusi. Mzee Aaron walikuwa wamemzika Rombo.

"Kaka Athanas, Bushiri aliniambia picha za kanisani nyingi ulipiga wewe. Natafuta ile baba akinikabidhi."

Ile ipo moja. Bushiri alishanitumia kwa simu, bila salamu. Nikamchapia. Upande mmoja Vicky na mumewe. Upande wa mzee ni weusi mtupu, umebaki mkono tu.

Vicky aliishika muda mrefu.

"Kamera ya Bushiri iliharibika?"

"Hapana, Vicky. Ilikuwa yangu. Niliiuza nikijua ni mbovu. Na siku ile nilikuwa na nzima mfukoni, nimekaa nyuma nacheka."

Hakulia. Aliukunja ule mkono wa baba yake kwenye khanga, akatoka.

Ndugu yangu unayesoma hapa, mimi nilimdharau Aristides kwa ujinga wake, nikamdharau Bushiri kwa mbwembwe zake. Mmoja hajui kamera, mwingine aliniamini. Aliyestahili dharau kanisani siku ile alikuwa amekaa nyuma, amekunja nne.

Ukiuza kitu kibovu, sema ni kibovu. Hujui kitamfia nani mkononi, wala siku gani.