Siku Mama Alipofinyanga Plastiki

Harufu ya plastiki inayoungua huwafanya watu wazibe pua. Mimi hutabasamu. Hunirudisha jikoni kwetu, vilimani Kasulu, miaka ya sabini, katika kijiji kipya tulichohamia kando ya barabara, nyumba bado mbichi, kuta zikinuka udongo na paa likinuka nyasi. Mama alikuwa mfinyanzi. Udongo aliuchimba bondeni, vyungu akavichoma kwa nyasi kavu nyuma ya nyumba, na majivu yake yakatufuata hadi kitandani. Kila chombo cha maji kwetu kilitoka mikononi mwake, mpaka kiangazi kile neno plastiki lilipotufikia.

Lilikuja na ndoo. Watu wa Nyakitonto waliokuwa wakimwoa dada yangu Maria waliileta pamoja na jembe na kanga: ndoo nyekundu, nyepesi kama kikapu, waliyoinunua mjini kwa mwenye duka mmoja wa asili ya pwani aliyejua kusifia mali yake. "Hii ndiyo plastiki," walitusimulia alivyowaambia. "Haivunjiki, haipati kutu." Tulilipenda neno kabla ya kujua maana yake. Sisi watoto tulilitumia kwa kila kitu kisichoshindika. Mtoto asiyelia akichapwa tulimwita plastiki, na jogoo wa jirani aliyewatimua wenzake naye alikuwa plastiki. Mimi niliota nyumba nzima ya plastiki, nyekundu, juu kilimani, nami nimesimama mlangoni. Ilikubaliwa kwamba Jumapili mama mkwe angekuja kumchukua Maria, na Maria angetoka na ndoo ile kichwani, imejaa maji ya kwao, kijiji kizima kikimtazama.

Jumamosi asubuhi shangazi Yosefa, dada yake baba, aliamka kumpashia bibi harusi maji ya kuoga. Aliwaza kama ambavyo yeyote kati yetu angewaza: chungu huvunjika na bado hukaa motoni, hiki hakivunjiki, basi moto utakifanya nini? Akatia maji kidogo ndooni, akaitua juu ya mafiga. Muda si mrefu figa la moto likala pembe ya kitako, pale kinapokutana na ubavu, maji yakamwagika na kuzima moto, moshi mchungu ukatutoa wote nje.

"Imelia," shangazi alisema, akionyesha matone mekundu yaliyoganda jiweni.

Maria akaketi chini. "Kesho nitatoka na nini? Watasema kwetu tunapika ndoo."

"Watasema shangazi yako ndiye mpishi," shangazi akajibu.

Mama hakumlaumu mtu. Aliokota tone moja, akalisogeza karibu na kaa lililobaki, akalibonyeza kwa kijiti. Likabonyea kama udongo uliolowa. Akasema, "Kumbe nacho ni udongo, ila kinakwenda kinyume. Wangu ukiona moto unakaza. Hiki kikiona moto kinalainika, maji ndiyo yanayokikaza."

Akapasha kisu. Kipande cha kwanza kiliungua kikanata kwenye kisu. "Iache tu, mama Maria," shangazi akasema huku akikohoa. Mama hakuacha. Safari hii alikiacha kisu kipoe kidogo, akalainisha matone yote kwa pamoja, akayatandaza juu ya tundu, akayakandamiza kwa jiwe laini alilosugulia vyungu, likiwa limelowa maji. Mwishoni akapitisha kidole gumba kilicholowa kuzunguka ukingo wa kiraka, alama moja baada ya nyingine, kama afanyavyo shingoni mwa chungu. Akaijaza ndoo, akaitua juu ya majivu makavu. Jioni majivu yalikuwa makavu vilevile.

Jumapili Maria alikigeuzia kiraka ukutani. Mama akakigeuza kitazame wageni. "Kazi ya mkono wangu haifichwi," alisema. Mama mkwe, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, alikiona kabla hajaketi. Akainama, akapapasa zile alama za kidole.

"Nani kaziba hapa?"

"Mimi, mkwe mwenzangu. Iliwekwa motoni, ikatoboka."

Shangazi alitazama miguu yake. Mama mkwe akainua ndoo yenye maji, akaitikisa, akatazama chini. Hakuna kilichodondoka. Ndipo akacheka, akamgeukia Maria. "Twende, mwanangu. Nyumbani kuna dumu la plastiki limepasuka, na mama yako nimeshamjua." Maria akatoka na ndoo kichwani, kiraka kimetazama mbele, nami nikamfuata hadi mwisho wa kijiji nikijiona mrefu kuliko migomba yote. Kabla ya mvua kuanza, watu walikuwa wakija kwetu na madumu yao, na mama akawa anaketi kati ya marundo mawili, la udongo na la plastiki.

Siku hizi neno hilo limeshuka cheo. Mtu akisema plastiki anamaanisha takataka zilizoziba mtaro, au ua la bandia, au tabasamu lisilotoka moyoni. Sibishi, mtaro wangu nao huziba. Ila kwangu maana ya kwanza haijafutika: ni kitu kinachokubali mkono wa anayekielewa. Mama hayupo tena, na vyungu vyake vimevunjika kimoja kimoja. Ndoo ya Maria imepauka, sasa anawekea mbegu za maharage. Kila nikienda Nyakitonto huigeuza na kuweka kidole gumba changu ndani ya alama za kidole cha mama. Kinaenea.